Kigari cha mtoto kwenye basi lililojaa: mwongozo kamili wa kupanda, kukaa na kushuka salama hapa Dar

Wamama wenzangu, na wababa pia maana siku hizi nawaona wengi tu wanasukuma, naomba hii kitu tuiongee kwa kirefu kwa sababu naona tunateseka na tunawatesa na wengine. Kigari cha mtoto, strola kama tulivyozoea kuita, zamani ilikuwa kitu cha kukiona kwa watu wenye magari yao, sahivi vya mtumba vipo mpaka huku kwetu uswahilini na mtu anakinunua bila kuwaza kwamba kesho yake itabidi apande nacho daladala ya saa moja asubuhi. Hapo ndo shida inapoanza.

Mie nimezunguka na kigari kwenye mabasi ya huu mji karibu miaka miwili, kliniki, sokoni, kwa bibi yake mtoto, na kitu kikubwa nilichojifunza ni hiki: kwenye basi lililojaa mtoto ni abiria, kigari ni mzigo. Ukivichanganya utajikuta unakitetea kigari wakati mtoto anabanwa, au unakwazana na watu kwa sababu ya chuma. Ukivitenganisha kichwani kabla hujatoka nyumbani yale mengine yote yanakuja yenyewe.

Hatua ya kwanza: kigari chenyewe na mazoezi ya nyumbani

Kama bado hujanunua na unajua usafiri wako ni wa umma, chukua kile chepesi kinachojikunja kama mwavuli, vingi vina kilo 5 mpaka 7. Yale makubwa yenye kitanda na kiti cha gari yanavuka kilo 12, ni mazuri barabarani na mtoto analala vizuri, lakini kwenye mlango wa daladala ya Coaster hutaingia nalo na konda hatakusubiri. Kizuri zaidi ni kile unachoweza kukikunja kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili utakuwa na mtoto, hiyo haina mjadala.

Sasa kabla ya kwenda nacho popote, fanya mazoezi sebuleni. Mtoto kiunoni, mfuko begani, kikunje, kikunjue, rudia mpaka mikono izoee bila kuangalia. Ukiona inakuchukua zaidi ya nusu dakika bado hujawa tayari kwa kituo chenye watu. Cheki breki pia, kiweke sehemu yenye mteremko kidogo kikiwa hakina mtoto, funga breki alafu kisukume, kikiserereka hicho kigari kipeleke kwa fundi kwanza. Vya mtumba mara nyingi breki za nyuma zimelika au loki ya kukunjia imelegea, na loki iliyolegea ndo inayofanya kigari kijikunje chenyewe mtoto akiwa ndani.

Mkanda ukiwa mzima unashika sehemu tano, mabega mawili, kiuno pande mbili na katikati ya miguu. Ukikuta wa mabega umekatika usiseme nitafunga wa kiuno tu, mtoto wa mwaka mmoja basi likifunga breki anachomoka kwa juu.

Na mtoto ambaye bado hajaweza kukaa mwenyewe, tuseme chini ya miezi sita hivi, asikalishwe kwenye hivi vigari vya kukaa wima. Shingo yake haijakaza, kichwa kinaangukia mbele kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inabanwa, na utadhani amelala tu. Huyo mbebe. Kwa umri huo mbeleko inashinda kigari chochote.

Hata mwenye mtoto mkubwa, khanga au mbeleko isikosekane kwenye mfuko. Kipindi cha masika bonde la Jangwani likijaa maji mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake maalum, inasimama kwenda mjini, unajikuta umeshushwa katikati ya safari na kigari chako kwenye tope, hapo utaikumbuka hiyo khanga.

Hatua ya pili: chagua saa, na chagua pa kupandia

Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi magari yanayoingia mjini yanakuwa yamefurika, na jioni kuanzia saa kumi mpaka saa mbili usiku yanayotoka mjini ndo hivyo hivyo. Kama una uwezo wa kusogeza safari yako, sogeza. Najua kliniki nyingi wanataka mfike asubuhi, ndo maana nakwambia angalia unaelekea upande gani, maana anayetoka mjini kwenda Kimara saa moja asubuhi anapata gari lenye nafasi wakati wa kuja mjini wananing'inia. Kama vituo vya afya viwili viko umbali sawa na nyumbani, chagua kile ambacho uelekeo wake hauendi na msongamano.

Pa kupandia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Usipandie kituo cha katikati ambapo gari linafika limeshajaa linasimama sekunde chache, ni bora uchukue bajaji mpaka gari linapoanzia. Pale Makumbusho, Mbagala Rangitatu, Gongo la Mboto, kwa mwendokasi Kimara, Kivukoni au Gerezani, gari linakuwa limesimama, unapanda kwa utulivu, unachagua siti, unapanga kigari chako watu wakiwa bado hawajajaa. Wengine wanageuza na gari, yaani unalipanda likiwa linaenda mwisho ili urudi nalo ukiwa umekaa. Unalipa nauli mara mbili ndio, lakini ukiwa na mtoto mdogo hiyo hela naiona imeenda pazuri.

Hatua ya tatu: ukiwa kituoni

Simama mbali na ukingo wa barabara. Kigari usikielekeze barabarani, kiweke kiwe sambamba na barabara, maana vituo vyetu vingi vina mteremko wa maji kuelekea lami na kikiponyoka kinaenda mbele moja kwa moja. Breki imefungwa, na mkono wako upo kwenye mpini hata kama unaongea na simu.

Mfuko usiutundike kwenye mpini. Hili naomba nilisimulie maana lilinitokea. Mwanangu alikuwa na miezi tisa, nimetoka sokoni, kwenye mpini nimetundika mfuko wenye unga kilo mbili, nazi na nyanya. Gari likaja, konda anapiga kelele wahi wahi, nikafungua mkanda harakaharaka nikamnyanyua mtoto. Nilivyomtoa tu uzito wake kigari kikalala kinyumenyume kwa sababu ya ule mfuko, na kumbe mguu wake wa kushoto ulikuwa bado umenasa kwenye mkanda wa katikati. Nikasikia mguu unavutwa, nikasikia amelia ile ya kukata pumzi. Mungu alisaidia kaka mmoja muuza maji alikuwa karibu akakidaka kile kigari kabla hakijafika chini. Mguu ulikuwa na alama nyekundu tu kwa siku mbili, lakini kile kilio bado nakisikia. Tangu siku hiyo mfuko unakaa mgongoni kwangu au kwenye kikapu cha chini ya kigari, na mkanda nafungua sehemu zote nahakikisha kwa mkono kwamba hakuna kidole wala mguu uliobaki, gari liende likienda.

Na hapo ndo ushauri wenyewe: gari likiondoka, liache. Lingine linakuja.

Hatua ya nne: amua, unakunja au hukunji

Daladala, iwe Coaster, Eicher au kipanya, unakunja. Hakuna majadiliano, hata kama lina siti tupu, kwa sababu ngazi ni nyembamba na njia ya katikati ndo hiyohiyo watu wanayopita.

Mwendokasi unaangalia. Tangu yaanze mwezi Mei 2016 yale mabasi ndo unaweza kusukuma kigari mpaka ndani, maana jukwaa la kituo limenyanyuliwa likaribiane na sakafu ya basi. Lakini basi likifika unaona watu wamebandikana na vioo, usijidanganye kwamba utapata upenyo, kunja au subiri. Kipimo changu ni kimoja tu: nikiona sakafu pale karibu na mlango naingia na kigari kimefunguliwa, nikiona miguu ya watu tu nakunja.

Hatua ya tano: kukunja bila kuumiza mtu

Kunja kabla gari halijafika, sio konda akiwa ameshashika mlango. Kwanza toa vitu vyote kwenye kikapu, chupa ya maziwa, kofia, kiatu, kila kitu kwenye mfuko. Pili mtoe mtoto. Mfunge mbeleko. Tatu ndo ukunje, ukihakikisha hakuna mtoto mwingine yeyote karibu, kwa sababu zile bawaba zinakata vidole vya watoto kabisa na wao ndo wanapenda kushika pale pale. Mwisho funga loki, kitikise kidogo uone hakifunguki. Mkoba wako wa hela uwe mbele ya kifua muda wote huo, mtu aliyeinama anahangaika na kigari ndo anaibiwa kirahisi.

Kuhusu kumpa mtu mtoto ukishapanda. Sisi tuna bahati, nchi hii unaweza kumwambia mtu usiyemjua "shikamoo mama, naomba unipakatie mtoto" na akafungua mikono bila kuuliza. Kuna bibi mmoja siku moja kwenye gari la asubuhi, mie bado nimesimama nabanwa na kigari begani, akanivuta gauni akasema lete huyo mtoto huku, alivyompokea akamkalisha juu ya kitenge chake akatoa leso akaanza kumfuta kamasi kama mjukuu wake. Hii ni sehemu ya maisha yetu na tuitunze. Ila ina utaratibu wake. Mpe aliyekaa, sio aliyesimama. Chagua aliye ndani karibu yako, usimpe mtu kupitia dirishani wewe ukiwa bado nje hata siku moja, gari linaweza kuondoka. Simama pale unapomuona mtoto na yeye anakuona. Mpigie salamu kwanza, muombe, na ukishuka shukuru kwa sauti. Na akikataa usinune, mtu anaweza kuwa anaumwa, anaweza kuwa na sababu zake.

Hatua ya sita: kwenye mwendokasi na kigari kilichofunguliwa

Getini usijilazimishe kwenye ule upenyo wa watu, muombe mhudumu akufungulie pale pa watu wenye viti vya magurudumu. Ukifika jukwaani rudi nyuma, acha wanaoshuka wamalize. Usijipange mlangoni na kigari mbele kama ngao, nimeona watu wanaingiza kwanza kigari ili kisafishe njia, yaani mtoto ndo anatangulizwa kwenye msukumano, hiyo hapana jamani. Miguu ya watu inagongwa na mtoto anagongwa na mabegi usoni.

Kati ya jukwaa na basi kuna upenyo, siku nyingine mdogo siku nyingine mkubwa, inategemea dereva ameegesha vipi. Matairi ya mbele ya hivi vigari ni madogo na yanajizungusha, yanazama pale kirahisi. Kandamiza mpini kidogo ili matairi ya mbele yanyanyuke, yavushe mpaka yakae ndani, alafu nyanyua ya nyuma. Ukiona upenyo ni mpana muombe mtu ashike mbele, "kaka samahani nisaidie kuvusha hapa", na mwambie ashike kwenye fremu sio kwenye ile meza ya mtoto wala kanopi, kile kifuniko cha juu, maana hizo zinachomoka.

Ndani tafuta ile nafasi ya wazi. Usisimame kwenye kile kiungo cha katikati kwenye yale mabasi marefu, sakafu pale inazunguka kila basi linapokata kona na tairi la kigari linavutwa. Usizibe mlango. Mtoto mgeuze mgongo wake uelekee kwa dereva, kwa sababu basi likifunga breki ghafla anasukumwa kwenye egemeo la kiti badala ya kurushwa mbele kwenye mkanda. Kigari kikae kwa urefu wa basi, kisikae kiubavu, kikikaa kiubavu kona moja tu kinalala. Breki zote zimefungwa, na bado wewe unashika, mkono mmoja bomba mkono mmoja mpini, mguu wako umezuia tairi. Breki ya kigari inazuia tairi lisizunguke, haizuii kigari kisianguke, watu wengi hawajui tofauti hiyo.

Ile nafasi ya wazi ina mwenyewe. Mtu wa kiti cha magurudumu akiingia wewe unatoka, unakunja, hata mtoto kama amelala. Yeye hawezi kukunja miguu yake. Ndugu zetu walioko Uingereza hili wanalijua vizuri kwa sababu huko lilifika mpaka Mahakama ya Juu: mwaka 2012 bwana mmoja anaitwa Doug Paulley alishindwa kupanda basi la kwenda Leeds kwa sababu mama mmoja mwenye kigari, mtoto amelala, aligoma kuhama akisema kigari hakikunjiki, na Januari 2017 mahakama ikasema haitoshi dereva kuomba tu akikataliwa akaendelea na safari, anatakiwa afanye zaidi, hata kusimamisha basi dakika kadhaa mpaka mtu aone haya ahame. Mie nikilifikiria lile tukio namuelewa yule mama, mtoto akilala hutaki hata kupumua kwa nguvu. Lakini aliyebaki kituoni ni yule bwana. Mtoto ataamka atalia atanyamaza.

Joto sasa. Dar hii, basi limejaa, mtoto yuko chini usawa wa miguu ya watu ambako hewa haifiki, alafu mama anatandaza khanga juu ya kigari eti asipate vumbi. Tafadhali acha. Ukiziba hivyo hewa haizunguki, joto linajikusanya ndani kwa muda mfupi sana na wewe humuoni mtoto anavyobadilika. Fungua kanopi, mpe maji au nyonyo, mguse shingo kila baada ya vituo viwili, ukikuta ina moto au amelegea shuka kituo kinachofuata ukae kivulini kwanza. Kwenye msongamano wa kweli mimi namtoa kabisa namshika juu kwenye hewa, kigari kinakunjwa kinakaa chini.

Hatua ya saba: kwenye daladala

Ongea na konda kabla hujaweka mguu. "Kaka nina kigari kimekunjwa, nitakiweka wapi?" Kwenye Coaster kinaingia vizuri pale mbele kwenye injini au nyuma ya siti ya mwisho. Kisikae mlangoni na kisikae njiani, watu wakijikwaa wakati wa kushuka mwenye kosa ni wewe. Kama hakuna kwingine kaa siti ya dirishani ukiweke kimesimama kati ya magoti yako na siti ya mbele. Kikila siti ya mtu, lipia hiyo siti na mkubaliane bei mapema, ugomvi wa shilingi mia tano ukiwa na mtoto mkononi haufai.

Matairi yakiwa na tope yafunge na kitambaa kikuukuu. Ni kitu kidogo sana lakini abiria mwenye suruali nyeupe anaenda kazini atakuombea dua.

Na wewe uliyebeba mtoto mgongoni: ukiingia kwenye msongamano mzungushe aje mbele. Mgongoni humuoni, anapigwa viwiko, kofia inavutwa, na ukipata siti ukaegemea unambana yeye kati yako na kiti. Nimeshawahi kumgusa dada mmoja bega kumwambia "mamii, mtoto anabanwa", hakuwa anajua kabisa, mtoto alikuwa amezoea kwa hiyo hakulia.

Hatua ya nane: kushuka

Anza kujiandaa kituo kimoja kabla. Sema mapema na kwa sauti, "konda kuna mtoto na kigari, kituo kinachofuata", ili dereva naye ajue asiondoe gari ukiwa na mguu mmoja nje. Abiria wengine mnaosoma hapa mnisaidie hapo, mkisikia mama anasema hivyo pigeni bodi na nyie.

Kwenye mwendokasi na kigari kilichofunguliwa geuka, toka kinyumenyume, matairi ya nyuma ambayo ni makubwa yatangulie kuvuka ule upenyo, mtoto abaki anatazama ndani. Muombe mtu aliye nyuma yako akuangalizie. Kwenye daladala wewe na mtoto mnatangulia, mnasimama chini salama, alafu konda au abiria anakupa kigari. Usikubali kigari kishushwe kwanza wewe ukabaki ndani na mtoto unahangaika kupenya, na usikubali kabisa mtoto ashushwe na mtu mwingine ukiwa bado ndani.

Usikikunjue pale pale gari liliposimama, bodaboda zinapita upande huo huo. Tembea hatua kumi ndani, kivulini kama kipo. Kikunjue mpaka usikie ile loki imelia ta, kisukume chini kwa mkono uone hakijikunji, funga breki, ndo umkalishe mtoto, mkanda sehemu zote tano. Angalia viatu vyake, mara nyingi kimoja kinakuwa kimebaki kwenye gari.